Tundu la Fisi Maji na Tundu la Kisu

Waliokuwepo siku ile mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapotia nanga upande wa Ukerewe unaotazama Mwanza, ni hawa. Mzee Lukasi, baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye alinifundisha kushona nyavu. Pastory, mume wangu mwenyewe. Manyama, mwenye mitumbwi mitatu, Mjita aliyehamia kwetu kutoka upande wa Musoma, na mke wake Rejina, rafiki yangu wa kuanika dagaa, ambaye mpaka leo ni rafiki yangu ingawa sasa tunapigiana kelele kwa sababu masikio yamechoka. Deusi, Bwana Samaki, yaani afisa uvuvi wa serikali, kijana wa Kihaya aliyekuwa akitujia kwa baiskeli kutoka Nansio. Na Faustini, mdogo wangu, tumbo moja, kitinda mimba wa mama yetu, aliyekuwa mkuu wa wavuvi kwenye mtumbwi mkubwa wa Manyama. Wengine walikuwa wengi na majina yao ninayo yote, lakini nikiyaandika hapa mtasinzia kabla sijaanza.

Mimi ni Generoza, Mama Tekla. Shule niliishia darasa la tatu. Lakini nyavu nimezishona tangu nilipoolewa mpaka vidole vilipokataa, na wavuvi walikuwa wakitoka Igombe na Kome kuniletea zilizochanika.

Wajukuu zangu, kushona wavu si kama kushona gauni. Gauni lina mwanzo na mwisho. Wavu ni macho tu, jicho baada ya jicho, na ukikosea jicho moja samaki atalijua kabla ya wewe. Mzee Lukasi alinipa sindano ya mti aliyoichonga mwenyewe na kijiti cha kupimia macho, akaniambia, "Usiguse uzi kwanza. Kwanza soma tundu. Fundi asiyejua tundu limetoka wapi anashona leo, kesho linarudi palepale."

Kusoma tundu ndiyo kazi yenyewe. Tundu la jiwe ni chafu, nyuzi zimesuguliwa zikawa kama nywele za mzee. Mamba hatoboi, mamba anaondoka na wavu, anakuachia kamba na maboya mawili ukayatazame. Sangara mkubwa anapasua kwa kifua. Utaona mafundo yameteleza na macho yamevutwa upande mmoja. Na fisi maji, yule mnyama mdogo wa kahawia mwenye madoa meupe shingoni, mwili wa paka aliyevutwa akarefuka, huyo tundu lake ni dogo. Macho matatu, manne. Anamfuata samaki mmoja, anamla palepale, anakuachia kichwa kimenasa kama salamu. Na nyuzi anazitafuna. Ukizilowesha utaona ncha zimepasuka kama mswaki wa mti.

Nimesema ukizilowesha. Shikeni hapo, maana hapo ndipo nilipoanguka.

Uzi mkavu unadanganya. Ukishakaa juani na kuburutwa mchangani, kila ncha inafumuka, iwe imetafunwa au imekatwa. Mzee Lukasi alikuwa na beseni lake la bati. Analowesha wavu, anasubiri kidogo, kisha anaichukua ncha ya uzi anaigusisha ulimini. Mara ya kwanza niliona kichefuchefu. Wavu wa siku mbili, mama! Akaniambia, "Wewe mwanamke, unakula samaki lakini hutaki kuonja uzi wake?" Uzi uliotafunwa ni laini ulimini. Uliokatwa kwa chuma unachoma. Nilionja nyuzi nyingi kuliko chumvi.

Sasa fisi maji. Kwa ukoo wa mume wangu huyo ni mwiko. Hauawi, haliwi, ngozi yake haiingii nyumbani. Pastory akimwona wakati wa kuvuta nyavu alikuwa anamtupia samaki mmoja mdogo na kumwambia, "Chukua chako, acha changu." Mimi niliolewa nikakuta hivyo, nikacheka, kisha nikazoea. Na nilipenda kuwasikia asubuhi wakiitana kwa mluzi kwenye miamba. Kulikuwa na mwamba mmoja mbele ya mwalo, tukiuita Jiwe la Kinyesi, msicheke, kwa sababu fisi maji hujisaidia mahali pamoja kama watu wastaarabu, na jiwe lile lilijaa mifupa ya samaki na magamba ya kaa.

Zamani walikuwa makundi makubwa. Lakini sangara alipojaa ziwani akawala furu wote, wale samaki wadogo wa miambani, na furu ndio walikuwa ugali wa fisi maji. Wakapungua. Kisha waganga wakaitaka ngozi, na kila mganga alikuwa na mtu wake wa kumtegea. Miaka ya tisini, wakati wa ruksa ya biashara, pale mwaloni kwetu ilibaki familia moja tu. Mama, baba nadhani, na watoto.

Miaka hiyo mlango ulifunguliwa. Sisi tuliokuwa tukifumua nyuzi za matairi ili tupate wavu, ghafla tukaona nyavu mpya zinauzwa Mwanza madukani, rangi ya majani, zimefungwa kwenye nailoni. Viwanda vya minofu vikafunguliwa, mitumbwi ya barafu ikawa inatufuata hadi majini kununua sangara. Sangara ambaye jana tulimwita tumbiri wa maji kwa kutopendwa, leo anapimwa kwa mizani. Waliokuwa na mitumbwi walijenga nyumba za bati. Manyama alijenga mbili. Na kila mtu akawa na hasira ya samaki mmoja aliyekosekana.

Basi ikawa siku moja nimejifunga kitenge changu kizuri, kikapu kichwani, nakimbilia meli ya Mwanza. Tekla alikuwa amejifungua kule Mabatini, mtoto wa kwanza, na mimi roho ilikuwa imeshatangulia. Manyama akanisimamisha na wavu begani.

"Mama Tekla, subiri. Hili tundu la nini?"

Nikalitazama hivihivi, nimesimama, wavu mkavu kama ukoko. Lilikuwa kubwa kuliko kawaida. Lakini meli ilikuwa inapiga honi.

"Fisi maji huyo," nikasema. Nikakimbia.

Maneno matatu. Sikukaa, sikulowesha, sikuonja. Nilikaa Mabatini miezi miwili nikibeba mjukuu na kugombana na mkwe wangu juu ya uji. Niliporudi nilikuta maneno yangu matatu yameota mizizi. Matundu makubwa yalikuwa yanatokea kila wiki, karibu yote kwenye nyavu za Manyama, na kila mtu alisema, "Ni fisi maji. Mama Tekla mwenyewe kasema." Nikaletewa nyavu chungu nzima. Sitawaficha, nilifurahi. Mafundi wengine walikuwa wanakaa bure na mimi nina kazi hadi jikoni. Nilishona nikiimba. Rejina alinitania, "Mwenzetu fisi maji ni mjomba wako, anakutafutia kazi."

Manyama hakutania. Alikuwa na chupa ya dawa ya pamba, ile ya kuua wadudu, aliyoipata kwa ndugu zake wakulima. Akatangaza kwamba ataitia ndani ya samaki na kuwaweka kwenye lile jiwe. Atawamaliza wote, mama na watoto.

Hapo ndipo Deusi alipokuja na baiskeli yake. Akakusanya watu kwenye kibanda cha kupokelea samaki.

"Shikamooni wazee," alisema. Tukaitikia. "Nimekuja kwa ajili ya fisi maji. Huyu mnyama anapungua ziwa zima. Sheria inamlinda."

"Sheria inamlinda yeye," Manyama akasema, "na nyavu zangu analinda nani? Wewe hujawahi kulowa hata magoti, Bwana Samaki. Samaki wako wako kwenye daftari."

Watu wakacheka. Hata mimi.

"Mzee Manyama, nakuambia wamepungua."

"Wamepungua wapi, kijana? Mbona matundu yanaongezeka?"

Watu wakapiga makofi. Pastory akasema polepole kwamba ni mwiko, na Manyama akamjibu kwa heshima lakini kwa ukali, "Shemeji, mwiko ni wa ukoo wenu, nyavu ni zangu. Mimi kwetu mwiko wetu ni njaa." Rejina akamkatiza mume wake mbele za watu: "Na hiyo sumu yako ikishuka majini? Sisi tunachota pale. Utaua fisi maji au utatuua sisi?" Manyama akamwambia akaanike dagaa. Rejina akamwambia, "Nitaanika, na wewe utajipikia."

Wakaachana bila kuelewana, wakakubaliana kukutana tena baada ya siku mbili. Manyama alisema siku hiyo anakuja na chupa yake, na asiyetaka akae nyumbani.

Mimi nilirudi kwenye nyavu zangu, lakini lile neno lilinikaa kooni kama mwiba. Wamepungua wapi, mbona matundu yanaongezeka? Alilisema kwa kejeli, na watu walilishangilia, lakini mimi fundi nikaanza kulisikia upya. Familia moja ya wanyama. Watoto wangali wadogo. Na matundu ya kupitisha kichwa cha ng'ombe. Na sijaona kichwa hata kimoja cha samaki kilichobaki kimenasa.

Nikaliinua beseni. Nikalowesha tundu la kwanza. Nikaonja.

Lilinichoma ulimi.

Nikalowesha la pili, la tatu. Nikalowesha nyavu zote nne zilizokuwa pale, na mchanga wote ukawa tope. Ncha zilikuwa zimelala sawasawa kama penseli mpya. Na kisu kilikuwa kimepita kwa mshazari kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, kama anavyokata mtu anayeshika kisu kwa mkono wa kushoto.

Wajukuu zangu, mimi nilimlea Faustini mgongoni. Mama yetu alikuwa akimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili ale kwa wa kulia, na mimi nilikuwa nikimfungua mama akigeuka. Sikuhitaji kuambiwa.

Niliwaza kunyamaza. Nani angejua? Sumu itamwagwa, wanyama watakufa, matundu yatazidi, labda siku moja watagundua wenyewe. Lakini neno lililotaka kuwaua lilikuwa langu. Manyama hakuwa na ushahidi mwingine wowote duniani isipokuwa mdomo wa Mama Tekla. Na maji yale wanangu waliyanywa.

Kesho yake mchana nilimkuta Faustini akipaka mtumbwi lami. Nikamsalimu, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Dada, umenyamaza hivyo, kuna msiba?"

"Kesho kwenye mkutano nitaomba beseni la maji," nikamwambia.

Mkono wake ukasimama. Wa kushoto.

"Dada."

"Nitaonyesha tundu la meno na tundu la kisu. Sitasema zaidi. Mimi nasoma tundu, sisomi majina."

Akakaa chini kwenye mchanga. Akaniambia yote bila kuulizwa. Mitumbwi ya barafu inawafuata huko majini, inanunua papo hapo, na sangara wakubwa watatu wanne hawafiki mwaloni. Mwenye mtumbwi akiuliza, wanamwonyesha tundu. Mwanzo walikuwa wanaogopa. "Kisha wewe ukasema ni fisi maji," akasema. "Tukaona Mungu katufungulia."

Hilo neno ndilo lililoniuma kuliko wizi.

"Manyama atanifukuza," akasema. "Atanitia ndani. Dada, ni wanyama tu wale. Hata hawaliwi."

"Ni wanyama tu," nikamwambia. "Lakini uongo ni wangu na wako, na wao ndio watakaoulipia. Wewe amua kesho utasimama wapi."

Nilidhani angepanda meli ya asubuhi akapotelee Igoma huko kwa rafiki zake. Pastory nilimwambia, naye alisema tu, "Akikimbia, tutajua. Akibaki, tutajua pia." Huyo ndiye Pastory, maneno kwa kijiko.

Siku ya mkutano Manyama alikuja na chupa yake kwenye mfuko wa kaki, akaiweka juu ya meza ya kupimia samaki. Deusi alikuwepo, safari hii na viatu mkononi, maana alikuwa ameamua kuingia majini ili asichekwe tena. Suruali ililowa hadi magoti. Manyama akamtazama akasema, "Angalau leo umefika nusu." Mzee Lukasi aliketi mbele, macho yameshafunga ukungu lakini masikio yake yangesikia kaa akitembea.

Nikasimama. Sikuwahi kusimama mbele za wanaume kusema kitu isipokuwa kanisani, na kanisani maneno unapewa.

"Mimi nilisema ni fisi maji," nikasema. "Nilisema nikiwa nimesimama, wavu ukiwa mkavu, na akili yangu ikiwa kwenye meli. Mzee Lukasi hapa hakunifundisha hivyo. Nimekosea. Naomba beseni la maji, niwaonyeshe."

Nikatazama huku na huku nani ataleta. Aliyeinuka ni Faustini. Alichukua beseni la Rejina la dagaa, akateremka ziwani mbele ya macho ya watu wote, akalijaza, akapanda nalo polepole bila kumwaga tone, akaliweka miguuni pangu. Hakurudi kwenye nafasi yake. Akabaki amesimama pale karibu na mimi.

Nililowesha tundu moja la zamani, la Pastory, lililotafunwa kweli na fisi maji. Kisha nikalowesha la Manyama. Nikawaambia waje mmoja mmoja waonje. Mngewaona wanaume wazima wametoa ndimi! Mzee Lukasi alionja la kwanza akasema, "Mnyama." Akaonja la pili, akalitoa mdomoni haraka. "Chuma," akasema. "Chuma kilichonolewa jana."

Manyama alionja mara tatu. Uso wake ukabadilika.

"Kisu cha nani?"

Mimi nilinyamaza kama nilivyoahidi. Faustini akasema, "Changu, mzee. Na wale wawili ninaovua nao walinifuata mimi, wasilaumiwe wao."

Ikawa kelele. Mmoja akasema apelekwe polisi Nansio, mwingine akasema apigwe kwanza. Manyama alikuwa amewaka, na ninaamini kilichomuuma zaidi ni kwamba Faustini alikuwa akila mezani kwake. Rejina akaichukua ile chupa ya dawa mezani, taratibu, akaitia kwenye kikapu chake chini ya dagaa wabichi, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Baadaye alikwenda mwenyewe kuikabidhi kwa Bwana Shamba, afisa wa kilimo.

Aliyetoa hukumu ni Mzee Lukasi. Alisema, "Kijana huyu amepata kazi ya kukata. Sasa apewe kazi ya kushona. Kila tundu alilokata, alishone mwenyewe, akiwa amekaa na dada yake pale pale njiani watu wanapopita. Akimaliza, Manyama aamue."

Manyama akasema, "Na alishone kwa mkono wa kulia." Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwokoa mdogo wangu.

Alikaa na mimi msimu mzima. Wiki za kwanza alikuwa anainamisha kichwa kila mtu akipita, na wanawake wakienda kuchota maji walimpigia, "Fisi maji hujambo?" Naye alijifunza kuitikia, "Sijambo, mama, leo nimefunga." Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Mpaka msimu unaisha alikuwa anashona kwa mikono yote miwili, na Manyama, ambaye alisema hatamtaka tena mtumbwini mwake, alianza kuleta nyavu na kusema zishonwe na Faustini, si na mimi. Nilinuna siku mbili.

Na Manyama mwenyewe? Msidhani aliwapenda fisi maji kwa sababu ya Bwana Samaki. Alikuwa mtu wa kiburi, na kiburi kikatusaidia. Alikuwa ametaka kuwaua bure mbele ya watu, basi akaona afadhali awe mlinzi wao kuliko mkosaji wao. Mtu wa mganga alipokuja kutafuta ngozi, Manyama ndiye aliyemfukuza na kasia hadi barabarani. Wageni wake wa kiwandani walipokuja aliwapeleka ukingoni, akawaonyesha lile jiwe, "Wale pale, ni wa kwetu." Rejina akanong'ona, "Juzi walikuwa wezi." Matundu madogo ya macho matatu yaliendelea, na hakuna aliyeyalalamikia sana. Mimi niliyashona kwa bei ya chini, kwa sababu ya aibu yangu.

Vijana, mimi sijui mambo ya Deusi ya daftari. Ninachojua ni kwamba ukiona mnyama analaumiwa na kila mtu, lowesha wavu kwanza. Na fundi akikuambia jambo akiwa amesimama na kikapu kichwani, mwambie akae chini.

Faustini sasa ni mzee wa mvi, ndiye fundi wa mwalo, na beseni la bati la Mzee Lukasi lipo kwake. Asubuhi moja msimu ule wa kwanza, tukiwa tumekaa na nyavu, yule mama fisi maji aliwapandisha watoto wake juu ya jiwe kuota jua, akawalamba mmoja mmoja. Faustini akaacha sindano, akawatazama mpaka waliporudi majini.

Hapo tu ndipo tunapogombana mpaka leo. Mimi nasema watoto walikuwa watatu. Yeye anasema wanne, na kwamba aliwahesabu mara mbili. Kama upo uliyekuwa mwaloni asubuhi ile, au baba yako alikuwepo akakusimulia, njoo unisahihishe mbele yake, nitakubali. Na kama ni wanne kweli, nitafurahi zaidi kuwa nimekosea.